Maji Yasiyokupwa: Msamiati wa Bahari na Majira ya Uvuvi Mbita

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya upili nchini Kenya ameikariri methali isemayo "Maji yakijaa hupwa". Mwandishi wa makala haya aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa darasani Mbita, katika chumba ambacho madirisha yake yalitazama Ziwa Victoria, au Nam Lolwe kama linavyoitwa na Wajaluo. Mwalimu alituelezea vyema maana yake ya ndani, kwamba hakuna hali isiyo na mwisho. Jioni ya siku hiyo mwandishi alichomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, akarudi alfajiri kukitazama. Maji yalikuwa pale pale. Alirudi adhuhuri, yakawa yangali pale pale. Alipomwendea mwalimu na swali lake, mwalimu alicheka, akasema: "Hiyo ni methali ya baharini, kijana. Wewe ikariri tu, utaulizwa kwenye mtihani."

Jawabu hilo lilitosha kwa mtihani, lakini kwa mwanafunzi wa lugha halitoshi. Kiswahili tunachofundishwa kina hazina kubwa ya maneno ya maji, ila sehemu kubwa ya hazina hiyo ni ya maji ya chumvi. Makala haya yanachunguza yanayoyapata maneno hayo yanapopandishwa kutoka pwani hadi Mbita, mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maswali yanayoongoza uchunguzi huu ni matatu. Kwanza, ni maneno yapi ya bahari ambayo yanabaki na maana yake ziwani? Pili, ni yapi yanayopotosha? Tatu, ni mambo gani ya ziwa ambayo hayajapata jina katika Kiswahili cha vitabu?

Ili mjadala usitawanyike, tutaushikilia mwezi mmoja, Septemba. Mwezi huu umeteuliwa kwa kuwa ndipo majira ya ziwa yanapogeuka, na ndipo tofauti kati ya msamiati wa bahari na hali ya ziwa inapojitokeza waziwazi. Tutaona pia kwamba suala hili si la pambo la lugha. Mvuvi aingiaye majini usiku kwa kutegemea tangazo la hali ya hewa anakabidhi maisha yake kwa maneno.

2.0 Mbita na Septemba yake

Mbita ni mji mdogo katika Kaunti ya Homa Bay, uliopo mahali ambapo ghuba ya Winam inafunguka kuelekea ziwa kuu. Magharibi yake kuna kisiwa cha Rusinga, na mbele zaidi Mfangano. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo la kuunganisha Rusinga na nchi kavu. Tuta hilo lilirahisisha usafiri, lakini liliziba mkondo wa maji uliokuwa ukipita kati ya ghuba na ziwa. Katika muongo wa 2010 daraja lilijengwa hapo na mkondo ukafunguliwa tena. Ziwa lenyewe lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu. Kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi zaidi.

Septemba, Mbita huwa na shughuli nyingi. Kwa miaka mingi uvuvi wa omena umekuwa ukisitishwa nchini Kenya kati ya Aprili na Julai ili samaki hao wazaane. Kwa hiyo Agosti hufungua mlango, na ifikapo Septemba mashua ziko kazini. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilitumika karabai za mafuta ya taa, na siku hizi taa za umeme wa jua zimeenea. Taa huelekezwa juu ya maji, omena hukusanyika kuifuata nuru, kisha wavu huvutwa. Asubuhi wanawake huwapokea pwani na kuwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Jua likiwa kali, omena hukauka kwa siku moja na kuuzwa kwa chakula cha watu. Mvua ikiwakuta wangali wabichi, huharibika, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Septemba jua bado lipo, lakini mvua za mwisho wa mwaka zinanukia. Kila mwanikaji hutazama mbingu kabla ya kutia fedha yake katika ndoo ya omena.

3.0 Maneno ya bahari yafaayo ziwani

3.1 Kusi

Wataalamu wa pwani wameigawa miezi ya mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi karibu na Septemba. Kusi inapolegea hufuata demani, kipindi cha upepo mwanana ambapo wavuvi hurejea katika maji makuu. Nairuzi, siku ya mwaka mpya katika kalenda ya jua ya Waswahili, iliwawezesha manahodha na wakulima kuhesabu siku kwa miongo, yaani makumi, hata wakajua lini watarajie upepo gani. Hii ni elimu iliyokamilika.

Je, kusi ipo Mbita? Ipo. Pepo za kusini mashariki zinazovuma juu ya ziwa kati ya Juni na Agosti ni za mfumo ule ule mkubwa wa hewa unaoleta kusi pwani. Neno hili basi lina haki ya kutumika ziwani. Kinachotofautiana ni kazi yake. Baharini, kusi hufunga njia ya vyombo vidogo. Ziwani, pamoja na kuleta mawimbi, kusi huyachanganya maji kutoka juu hadi chini, jambo tutakalolirudia katika sehemu ya tano.

3.2 Masika na vuli

Mbita hupata mvua nyingi kati ya Machi na Mei, na mvua nyingine kati ya Oktoba na Desemba. Maneno masika na vuli yanalingana na majira haya bila taabu. Dholuo nacho kina chwiri na opon kwa misimu hiyo miwili, na oro kwa kiangazi. Hapa lugha mbili zimetazama mbingu moja na kuona jambo moja.

3.3 Giza la mwezi

Baharini mwezi ni bwana wa maji. Kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Ziwani mwezi hauna mamlaka hayo, lakini haujapoteza kazi. Mwezi unapong'aa, taa ya mvuvi hushindwa kuwavuta omena, kwa sababu nuru imetapakaa kila mahali. Hivyo siku za mwezi mpevu mashua nyingi za omena hupumzika. Mvuvi wa dagaa wa Unguja na mvuvi wa omena wa Mbita wanaposema "tunangoja giza", wanasema jambo moja kwa sababu moja. Lakini akitaja bamvua, yule wa Unguja atakuwa amebaki peke yake.

4.0 Maneno yapotoshayo

4.1 Kupwa na kujaa

Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Upepo mkali huweza kuyasukuma maji upande mmoja kisha yakarudi, lakini hilo halina saa maalumu wala halifuati mwezi. Maji ya ziwa hujaa kwa miaka. Yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2020, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019, yalipanda tena hadi kimo kilichokipita kidogo kile cha mwaka 1964. Nyumba, mashamba na sehemu za kuegeshea mashua zilizama.

Mkazi wa pwani ya ziwa aliyeambiwa mwaka ule kwamba maji yakijaa hupwa aliisikia methali hiyo kwa sikio tofauti na la mkazi wa Lamu. Kwa mtu wa Lamu ni faraja ya saa sita. Kwa mtu wa Mbita ni faraja ambayo huenda ikamwishia uhai kabla haijatimia. Methali haikukosea, ila kipimo cha wakati kilichomo ndani yake hakikusafiri pamoja nayo. Mwalimu wa fasihi simulizi anayefundisha kando ya ziwa hana budi kukieleza kipimo hicho, badala ya kumwachia mwanafunzi kijiti chake matopeni.

4.2 Umande na matlai

Hapa ndipo penye hatari. Pwani ya Waswahili inatazama mashariki. Kwa hiyo umande, upepo mwepesi utokao nchi kavu usiku na alfajiri, hutoka upande wa magharibi, hata baadhi ya wasemaji hulitumia neno hilo kwa maana ya upepo wa magharibi. Matlai, neno lenye asili ya Kiarabu lihusulo mawio ya jua, ni upepo utokao mashariki, yaani baharini.

Mbita imegeuziwa uso. Maji makuu yako magharibi, na nchi kavu iko mashariki na kusini. Upepo wa nchi kavu, ule uwasukumao wavuvi kuingia ziwani usiku na alfajiri, hutoka upande wa mawio. Upepo wa majini, ule uwarudishao nyumbani alasiri, hutoka upande wa machweo. Tukifasili umande kuwa "upepo wa magharibi", neno litasema kinyume cha ukweli. Tukiufasili kuwa "upepo utokao nchi kavu kwenda majini wakati wa usiku na alfajiri", neno litafaa Lamu, litafaa Mbita, na litafaa Mwanza ambako nchi kavu iko kusini.

Mwandishi alilipata somo hili si maktabani bali pwani. Jioni moja ya Septemba aliketi na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, akamsomea tangazo la hali ya hewa lililotaja pepo za mashariki.

"Jaduong'," nikamwambia, "wanasema usiku huu upepo utatoka mashariki."

Mzee hakuinua kichwa. "Wa kutoka bara au wa kutoka majini?"

"Wamesema mashariki tu."

"Mashariki ya nani, mjukuu wangu? Mimi niko hapa, mwenzangu yuko Remba katikati ya maji, mwingine yuko ng'ambo Uganda. Waulize unatoka wapi kwenda wapi, na unaanza saa ngapi."

Mzee huyo alikuwa ametaja kanuni ya kufasili maneno kuliko alivyojua. Kwa mvuvi wa ziwa, uhusiano wa upepo na nchi kavu una uzito kuliko dira. Ziwa limezungukwa na nchi pande zote. Usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande hizo huelekea majini na kukutana huko. Hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujikusanya, na ngurumo huzuka usiku wa manane au karibu na alfajiri. Saa hizo ndizo za mvuvi wa omena na taa yake. Umande wa Waswahili, ulio mwanana pwani, ziwani unaweza kuwa sehemu ya kinachounda dhoruba. Vuli inapokaribia na hewa kuzidi kuwa na unyevu, tahadhari hii huongezeka.

Ikumbukwe kwamba juhudi za kuwafikishia wavuvi taarifa zimekuwepo. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 kwa ushirikiano wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara za hali ya hewa za nchi za eneo hili, ulilenga kuboresha utabiri kwa watumiaji wa ziwa. Mitambo hupima upepo na mawimbi vizuri. Sehemu ya mwisho ya safari ya taarifa hiyo, kutoka tarakimu hadi sikio la mvuvi, ni kazi ya lugha, na hapo wanafunzi wa Kiswahili tunahusika.

4.3 Vuli ya Ulaya na vuli ya Mbita

Upotoshaji wa tatu unatokana na tafsiri. Baadhi ya watafsiri hulitumia neno vuli kwa majira ya Ulaya na Marekani ambapo majani hupukutika, yanayoanza Septemba. Katika maziwa mengi ya nchi hizo, majira hayo ndiyo ya maji kuchanganyika: tabaka la juu lililopata joto wakati wa kiangazi hupoa, huwa zito, huzama, na maji ya juu na ya chini hukutana. Vitabu vyao vya uvuvi huwashauri wavuvi kwa kufuata mabadiliko hayo.

Ziwa Victoria hutenda kinyume. Huku maji huchanganyika Juni hadi Agosti, na kuanzia Septemba huanza kujigawa tena katika matabaka. Mwanafunzi atakayesoma tafsiri isemayo kwamba "wakati wa vuli maji ya ziwa huchanganyika" atakuwa amesoma Kiswahili fasaha na uongo kuhusu ziwa lake. Inapendekezwa kwamba majira yale ya Ulaya yaelezwe kwa jina lake, kwa mfano "majira ya kupukutika majani", na vuli ibaki kuwa mvua yetu.

5.0 Mambo yasiyo na jina

5.1 Msuko wa ziwa

Tulisema kwamba kusi hufanya ziwani kazi nyingine. Kazi hiyo ni hii. Pepo hizo, zenye ukavu, huongeza mvukizo, na mvukizo huupoza uso wa maji. Maji yaliyopoa huzama, huku mawimbi yakiyakoroga. Maji ya juu yenye oksijeni hufika chini, na rutuba iliyokuwa imelala chini hupanda juu na kulisha viumbe vidogo ambavyo ni chakula cha samaki. Kusi ikilegea na jua likizidi, uso hupata joto, ukawa mwepesi na kuelea juu ya maji baridi kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Tofauti ya joto ni ndogo, lakini inatosha kuyatenga maji hayo. Tabaka la chini hukosa hewa mpya na oksijeni yake hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Mbuta, ambaye huhitaji oksijeni nyingi, huyakimbia maji hayo. Mvuvi azamishaye nyavu zake kwenye kina kirefu mapema mwakani aweza kuzitoa tupu, ilhali miezi michache kabla zilimlisha.

Septemba ndiyo mlango kati ya hali hizo mbili. Baharini mlango huo unaitwa demani. Ziwani, katika Kiswahili cha vitabu tulivyosomea, hauna jina. Mwandishi anapendekeza "msuko wa ziwa" kwa ule mchanganyiko wa Juni hadi Agosti, kutokana na kitenzi "suka" kwa maana ile ile tunayosuka maziwa kwenye kibuyu. Hali inayofuata iitwe "utulivu wa matabaka". Na pale ambapo upepo huyapandisha ghafla maji ya chini yasiyo na oksijeni, tuseme "mzuko wa maji ya chini". Jambo hili la mwisho si la nadharia. Mwaka 2022 wafugaji wa samaki katika vizimba kwenye kaunti za pwani ya ziwa nchini Kenya walipoteza samaki wengi, na upungufu wa oksijeni majini ulitajwa kuwa sababu. Mfugaji asiye na jina la adui huyu atamwelezaje jirani yake?

5.2 Majina ya samaki

Samaki wenyewe wana majina mengi mno. Mbuta wa Kenya ndiye sangara wa Tanzania na mputa wa Uganda. Omena ndiye dagaa wa Mwanza na mukene wa Jinja. Fulu, wale samaki wadogo ambao spishi zao nyingi zilitoweka baada ya mbuta kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, huitwa furu Tanzania na nkejje Uganda. Ngege wa Mbita huangukia katika jamaa ya wale ambao Mtanzania huwaita sato, na ambao wengine huwaita perege. Wapo pia ningu na fwani, waliozoea kupanda mito kama Kuja wa Migori mvua zinaponyesha ili kutaga mayai. Ningu walipungua sana walipotegwa kwa nyavu kwenye midomo ya mito hiyo.

Swali si jina lipi lifute mengine. Kamusi ya lugha ya Afrika Mashariki haina budi kumpa msomaji majina yote, ikimwambia lipi hutumika wapi, ili sheria ya uvuvi ikitungwa kwa Kiswahili isomeke vile vile katika pwani zote tatu.

6.0 Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba kuingiza maneno ya Dholuo na ya lugha nyingine za ziwa ni kuichafua lugha sanifu. Pingamizi hili halina mashiko. Msamiati wa bahari tunaousifu ni zao la ukopaji. Nahodha na Nairuzi ni maneno yenye asili ya Kiajemi, na matlai ni la Kiarabu. Mswahili wa kale aliyachukua kwa sababu aliyahitaji kazini.

Aidha, fasihi imekwisha kututangulia. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe aliiandika riwaya yake kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, kisha yeye mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe vilevile, alikiweka kisiwa hicho ndani ya Rosa Mistika mwaka 1971. Kiswahili cha ziwa si ndoto basi. Kilichosalia ni kuwafuata wavuvi kama watunzi hao walivyowafuata watu wao.

Hata hivyo, wakati hautungoji. Olusuba, lugha ya Kibantu ya Wasuba wa Rusinga, Mfangano na maeneo ya jirani, imepoteza wasemaji wengi waliohamia Dholuo. Kwa kuwa ni ya Kibantu, huenda ikatupatia maneno ya ziwa yanayoingia katika ngeli za Kiswahili bila kusukumwa. Wazee wanaoyajua wanazidi kupungua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa bahari ukifika ziwani hugawika mafungu matatu. Kusi, masika, vuli na giza la mwezi hufaa. Kupwa na kujaa, umande na matlai hupotosha iwapo hatuyafasili upya. Msuko wa ziwa na yanayoandamana nao yanangoja majina. Inapendekezwa kwamba wanachama wa chama chetu walio karibu na ziwa, wawe Mbita, Musoma au Entebbe, waanze kukusanya maneno ya pepo, maji na samaki, kila neno likiandikwa pamoja na mwezi na saa ya matumizi yake. Istilahi zilizopendekezwa hapa zijadiliwe, na wavuvi wawe wa kwanza kuulizwa.

Kile kijiti cha mwandishi hakipo tena. Mahali kilipochomekwa palifunikwa na maji mwaka 2020. Laiti mwalimu wake angekuwa na neno la kutofautisha maji yajaayo kwa saa na maji yajaayo kwa miaka, darasa zima lingetoka siku ile likiijua methali, na likilijua ziwa pia.